Habari za Mji wa Herrnhut, na Ibada ya Kila Siku

Liko neno linalosemwa sana katika vijiji vyetu, nalo ni hili: kwamba ibada ni ya Jumapili, na kazi ni ya siku sita. Mtu huvaa nguo yake safi asubuhi ya Jumapili, akaimba, akasikiliza, akatoa sadaka. Jumatatu huikunja ibada pamoja na nguo ile, akavitia vyote sandukuni hata Jumapili ya pili. Akipima kunde sokoni, hakumbuki ya kuwa jana aliimba. Akimlipa mtu aliyemlimia shamba, hakumbuki pia.

Hatuyasemi haya ili kuwahukumu wenzetu. Swali lenyewe ni la zamani, na wengi walijaribu kulijibu kabla yetu, katika mambo mengine kwa uzuri na katika mengine kwa upungufu mkubwa. Leo twapenda kuwasimulia habari za mji mmoja mdogo wa Ujerumani, ambao watu wake walitaka kila saa ya mchana na ya usiku iwe saa ya ibada, wala wasiache kazi za mikono yao. Mji huo ni Herrnhut. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, habari zake, njema na mbaya, zimeandikwa, hata twaweza kuzipima. Pili, kazi iliyoanza kule ilifika mpaka Rungwe na Urambo, basi si habari za watu wa mbali tu.

Asili ya Ndugu

Tarehe 6 Julai 1415, katika mji wa Konstanz, alichomwa moto Jan Hus, padre na mwalimu wa chuo kikuu cha Prague, kwa sababu ya mafundisho yake. Wafuasi wake hawakuisha. Mwaka 1457 baadhi yao walikusanyika katika kijiji cha Kunwald, nchi ya Bohemia, wakafanya chama chao, ndio Umoja wa Ndugu. Neno lao kubwa lilikuwa hili: haitoshi kuyajua mafundisho yaliyo sawa, yampasa mtu kuyafuata nyumbani mwake, shambani mwake na katika biashara yake, kama Bwana wetu alivyofundisha mlimani.

Mwaka 1620 majeshi ya Waprotestanti yalishindwa karibu na Prague, katika vita vya Mlima Mweupe. Tangu hapo Ndugu walifukuzwa, au walilazimishwa kuiacha imani yao. Katika waliohama alikuwamo Johann Amos Comenius, aliyezaliwa mwaka 1592 akafa ugenini mwaka 1670. Sisi waalimu hatuna budi kumkumbuka, kwa maana mtu huyu alikuwa askofu na mwalimu pamoja, naye ndiye aliyetoa mwaka 1658 kitabu cha kuwafundisha watoto kwa picha, kiitwacho Orbis Pictus, kilichotumika katika shule za Ulaya kwa miaka mingi sana.

Waliobaki katika Bohemia na Moravia walificha vitabu vyao, wakasali kwa siri majumbani kwa muda wa miaka mia hivi. Yatupasa kuliangalia jambo hili vizuri. Hawakuwa na jengo, wala kengele, wala mchungaji. Ibada yao ilikaa jikoni, na katika vyumba vya kufumia nguo, na kando ya vitanda vya watoto. Imani iliyokaa mahali pa namna hiyo haikujua tofauti ya Jumapili na Jumatatu.

Shoka la seremala

Miaka ile alikuwako seremala mmoja wa Moravia, jina lake Christian David. Huyu alisafiri huku na huko akitafuta mahali ambapo watu wake wangeweza kuabudu pasipo hofu. Akamwona kijana mmoja mwungwana wa Saxony, mwenye shamba kubwa huko Berthelsdorf, Graf Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, aliyezaliwa mwaka 1700. Kijana huyo akakubali kuwapokea. Ndipo Christian David aliporudi Moravia, akawatoa usiku ndugu wa jamaa ya Neisser, wafua visu, pamoja na wake zao na watoto wao. Waliacha nyumba na mali, wakavuka mpaka kwa miguu.

Tarehe 17 Juni 1722 Christian David alipiga shoka lake katika mti wa kwanza, ili kujenga nyumba. Mahali penyewe palikuwa chini ya kilima kiitwacho Hutberg, yaani kilima cha ulinzi, na kwa hiyo wakapaita Herrnhut, maana yake ulinzi wa Bwana. Basi mji ule ulianza kwa shoka la seremala na chuma cha wafua visu, wala haukuanza kwa mimbari.

Walakini msomaji asifikiri kwamba walikuwa malaika. Kufika mwaka 1727 watu wa Herrnhut walikuwa wamezidi 200, nao wametoka nchi mbalimbali: wengine watoto wa Umoja wa Ndugu, wengine Walutheri, wengine wafuasi wa Calvin. Wakagombana sana. Waligombana juu ya taratibu za ibada, na juu ya nani mwenye haki ya kufundisha, hata wengine wakamwita Zinzendorf mwenyewe kwa majina mabaya. Watu waliokuwa wameacha kila kitu kwa ajili ya imani hawakuweza kukaa pamoja kwa amani. Hii nayo si habari ngeni kwetu. Kuteswa pamoja ni rahisi kuliko kuchota maji kisima kimoja.

Zinzendorf aliacha kazi yake ya serikali katika mji wa Dresden, akaja kukaa nao. Akaenda nyumba kwa nyumba akiongea nao. Tarehe 12 Mei 1727 watu walipeana mikono juu ya sheria za mji. Wakachagua wazee 12, na wanne kati yao wakawekwa kwa kura kuwa wakubwa. Mmoja wao alikuwa Christian David yule seremala. Katika sheria zile lilikuwamo neno moja ambalo twaomba msomaji aliweke moyoni, kwa maana tutalirudia: ya kuwa wakaaji wa Herrnhut watakuwa huru daima, wasiwe watumwa wa kazi za bwana wa shamba, kama walivyokuwa wakulima wengi wa nchi zile siku zile.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 13 Agosti 1727, walikwenda wote katika kanisa la Berthelsdorf kushiriki Meza ya Bwana. Siku ile mioyo yao ilivunjika, wakasameheana. Ndugu wa Moravian duniani huikumbuka siku hiyo kila mwaka.

Saa ishirini na nne

Mkutano mkubwa huwasha moyo wa mtu, na siku ya tatu moyo hupoa. Watu wa Herrnhut walilijua jambo hili, basi hawakutaka kuitumainia hamu peke yake, walifanya utaratibu. Walisoma katika kitabu cha Walawi habari za moto wa madhabahu, ambao makuhani waliamriwa wasiuache uzimike usiku wala mchana. Wakasema, na maombi yetu yawe hivyo.

Tarehe 27 Agosti 1727 wanaume 24 na wanawake 24 walijitoa kwa kazi hiyo. Wakagawana saa kwa kura. Kila saa ilikuwa na mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wakiomba, kila mtu mahali pake. Hesabu yake ni nyepesi, hata mtoto wa darasa la pili aweza kuifanya: siku ina saa 24, mtu akitoa saa moja, anabakiwa na saa 23 za kufuma, kupika, kulea na kulala. Hakuna aliyeacha kazi yake, wala hakuna aliyebeba mzigo wa mwenzake. Lakini mji mzima, ukiuhesabu kama mtu mmoja, haukunyamaza hata saa moja. Wahenga wetu walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Nao walikuwa wamelijua neno hilo kwa lugha yao. Baadaye hesabu ya waombaji iliongezeka, na desturi hiyo husemwa kwamba ilidumu zaidi ya miaka 100.

Tena ulikuwako ulinzi wa usiku. Wanaume walipokezana kuuzungukia mji kulinda moto na wezi, kama ulinzi wa kijiji chochote. Ila mlinzi wa Herrnhut alipotangaza saa, aliitangaza kwa kuimba ubeti. Twaona hapa siri yao. Hawakuvumbua kazi mpya ya kidini na kuiongeza juu ya kazi za mtu. Waliichukua kazi iliyokuwako tayari, ambayo hata mpagani angeifanya, wakaitia sala ndani yake.

Neno la siku, na bei ya duka

Jioni ya tarehe 3 Mei 1728, watu walipokwisha kuimba, Zinzendorf aliwapa neno fupi la kulishika kesho yake, kama askari wanavyopewa neno la siri la zamu yao. Tangu hapo ikawa desturi. Asubuhi mmoja wa wazee alilipeleka neno hilo nyumba kwa nyumba, na nyumba za mji zilikuwa 32 tu. Mwenye kulipeleka neno hakusimama mlangoni akalitupa ndani, akaenda zake. Aliwaamkia watu, akajua nani mgonjwa, nani amekosana na mkewe, nani amekosa chakula. Na habari hizo zikawafikia wazee. Kwa hiyo neno liliingia nyumbani kwa miguu ya mtu, na shida ikatoka nyumbani kwa miguu ile ile. Mwaka 1731 maneno ya mwaka mzima yalipigwa chapa kitabuni kwa mara ya kwanza, na kitabu hicho hutolewa kila mwaka mpaka leo, kwa lugha nyingi za dunia.

Biashara nayo haikusahauliwa. Mwaka 1747 Abraham Dürninger alikabidhiwa duka dogo la Herrnhut. Aliliendesha mpaka likawa nyumba kubwa ya biashara ya nguo za kitani, iliyouza mpaka ng'ambo ya bahari. Husifiwa hasa kwa jambo moja: bei yake ilikuwa moja. Siku zile mwenye duka alimtazama mteja usoni, akapima ujinga wake, kisha akataja bei. Kwa Dürninger mtoto aliyetumwa na mama yake alilipa sawasawa na mfanyabiashara mzoefu. Mtu aweza kusema, hili lina ibada gani? Twajibu, mtoto yule aliyetumwa dukani angejua vema lina ibada gani.

Kisiwa cha St. Thomas

Sasa tufike kwenye sehemu ngumu ya habari hizi. Mwaka 1731 Zinzendorf alikwenda Copenhagen kuhudhuria sherehe za kutawazwa mfalme Christian wa Sita. Huko alikutana na mtu mweusi, jina lake Anthony Ulrich, aliyetoka kisiwa cha St. Thomas katika bahari ya Karibi, kisiwa kilichokuwa chini ya Denmark wakati ule. Anthony alieleza mateso ya watumwa wa mashamba ya miwa, na habari za dada yake aliyetamani kumjua Mungu. Mwaka ule ule akafika Herrnhut, akasema mbele ya watu wote. Akaonya ya kuwa watumwa hufanya kazi bila nafasi, na huenda mwalimu asiweze kuwafikia isipokuwa awe mtumwa pamoja nao.

Tarehe 21 Agosti 1732 watu wawili waliondoka Herrnhut kwenda huko: Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala. Husimuliwa mara nyingi kwamba walijiuza utumwani. Hawakujiuza, walikuwa tayari kwa neno hilo, lakini halikutokea. Walifika tarehe 13 Desemba. Nitschmann alipata kazi ya useremala, akawalisha wote wawili, kwa kuwa Dober hakupata udongo ufaao kwa ufinyanzi. Hivyo ndivyo kazi ile ilivyoanza, kwa randa na msumeno.

Watumwa walisikiliza, wakajifunza kusoma. Mabwana wa mashamba wakakasirika. Waliwapiga watu waliohudhuria mafundisho, wakawanyang'anya vitabu na kuvichoma. Hata hivyo watu walikuja usiku, baada ya kazi ya kutwa nzima. Mmoja wa waliowafundisha alikuwa Rebecca, mwanamke aliyepata kuwa mtumwa akawekwa huru, aliyekwenda shamba kwa shamba akiwafundisha wanawake wenzake. Yeye na mumewe, mmisionari Freundlich, walitiwa gerezani, mpaka Zinzendorf alipofika kisiwani mwaka 1739, wakafunguliwa.

Mwaka huo huo wakristo weusi wa St. Thomas walipeleka barua kwa mfalme na malkia wa Denmark. Mwanamke mmoja mzee, mzaliwa wa Popo katika Afrika ya Magharibi, jina lake Marotta, aliyebatizwa Magdalena, aliandikiwa barua kwa malkia katika lugha ya kwao. Alieleza ya kuwa kwao Afrika aliabudu bila kuzuiwa, bali katika nchi ya weupe anazuiwa kumtumikia Bwana. Akamsihi malkia awaombee wanawake weusi ruhusa ya kujifunza. Wasomaji, twajivunia kusoma Kiswahili katika karatasi. Na huyu mama, zaidi ya miaka 200 kabla ya shule zetu nyingi kujengwa, alipeleka lugha ya Afrika mbele ya malkia wa Ulaya, kwa ajili ya haki ya kusali.

Lakini lazima tuseme na la pili. Kabla ya miaka kumi kupita tangu Dober na Nitschmann kufika, wamisionari wa Ndugu walinunua shamba kisiwani ili kujipatia riziki, wakalinunua pamoja na watumwa wake. Naye Zinzendorf, alipoagana na wakristo weusi mwaka 1739, aliwahimiza wawatii mabwana wao na kuridhika na hali yao. Je, si yeye aliyeandika katika sheria za Herrnhut ya kuwa watu wake watakuwa huru daima? Neno lililokuwa kweli chini ya Hutberg halikuvuka bahari.

Wengine husema, msiwahukumu, kwa maana siku zile desturi ilikuwa hiyo. Twajibu kwa upole: desturi ya siku zile ilikuwa pia kudanganya bei dukani, nao waliivunja. Desturi ilikuwa kumfunga mkulima kwa bwana wa shamba, nao waliivunja. Walijua kuvunja desturi walipotaka. Hapa hawakutaka, kwa kuwa shamba lilileta chakula. Saa za maombi zilikuwa zikiendelea kule Herrnhut, usiku na mchana, bila kukatika. Na saa zile zile, mtu aliyenunuliwa alikuwa akilima ili kazi ya Mungu ipate fedha. Sala haikukoma, na dhuluma haikukoma. Uhuru ulifika visiwa vile tarehe 3 Julai 1848, wakati watumwa wa kisiwa cha St. Croix walipokusanyika kwa maelfu kuudai, na gavana Peter von Scholten akautangaza.

Hatuisimulii habari hii ili kuwafedhehesha Ndugu, ambao wenyewe wameandika mengi ya habari hizi katika vitabu vyao. Twaisimulia kwa sababu inafundisha neno ambalo sehemu ya kwanza peke yake isingeweza kufundisha. Mtu aweza kuitia sala katika kila saa ya siku, na bado akaacha chumba kimoja cha maisha yake kimefungwa. Mara nyingi chumba hicho ndicho chenye fedha.

Mwanamke wa Baviaanskloof

Mwaka 1737 Herrnhut ilimtuma Georg Schmidt Afrika Kusini. Huyu alikuwa amekaa gerezani miaka sita kwa ajili ya imani yake. Alikaa kati ya Wakhoikhoi katika bonde liitwalo Baviaanskloof, akawafundisha kusoma na kulima, akapanda mti wa matunda karibu na nyumba yake. Mwaka 1742 aliwabatiza watu watano. Wachungaji wa Cape walimpinga, wakisema hana haki ya kubatiza. Basi mwaka 1744 akaondoka, wala hakurudi tena. Watu wale wachache wakabaki bila mchungaji, bila shule, bila barua.

Mwaka 1792, yaani miaka 48 baadaye, walikuja wamisionari watatu wa Ndugu mahali pale pale. Nyumba ya Schmidt ilikuwa imeanguka, lakini mti wake ulikuwa ungali ukizaa. Wakamkuta mwanamke mzee sana, mmoja wa wale watano, aliyebatizwa kwa jina la Magdalena. Akawaletea Agano Jipya alilopewa na Schmidt, limefungwa katika ngozi ya kondoo. Macho yake yalikuwa yamefifia, hata akahitaji mwanamke kijana wa kumsomea. Miaka yote ile alikilinda kitabu, na watu walikusanyika chini ya mti kusali na kusoma.

Twafikiri sana juu ya miaka hiyo 48. Hapakuwa na Jumapili yenye kengele ya kumkumbusha. Ilikuwapo siku tu, na kazi ya siku: kuteka maji, kuchunga, kupika, kuzaa na kuzika. Kama ibada yake ingalikuwa ya jengo, ingalikufa pamoja na jengo. Baadaye mahali pale paliitwa Genadendal, yaani bonde la neema. Mmoja wa wale watatu, Christian Kühnel, alikuwa mfua visu, na visu vilivyofuliwa Genadendal vilisifiwa mbali. Mwaka 1838 kilifunguliwa hapo chuo cha kuwafundisha waalimu, cha kwanza katika Afrika Kusini.

Mpaka Rungwe

Mwaka 1891 Ndugu walifika kaskazini ya ziwa Nyasa, wakajenga Rungwe, chini ya mlima wa jina hilo. Kabla ya karne ile kuisha walipokea pia kazi ya Urambo, katika Unyamwezi, kutoka kwa wamisionari wa London. Ilipofika vita ya mwaka 1914 mpaka 1918, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini. Watu wengi walidhani makanisa yatakufa. Hayakufa. Wazee na waalimu wenyeji waliyashika kwa miaka kadhaa. Walifundisha watoto, walizika wafu, walisali na wagonjwa, hali njaa na magonjwa ya vita vimeenea kila mahali. Waalimu wengi hawakupata mshahara. Walilima ili wale, na jioni wakafundisha. Mara ya pili jambo hilo lilitokea katika vita iliyoanza mwaka 1939.

Twawaza ya kuwa wazee wale walikuwa ndugu wa Magdalena wa Baviaanskloof, ijapokuwa wengi wao hawakupata kusikia jina lake. Na leo Wamoravian walio wengi duniani si wa Ulaya. Ni wa Afrika, na katika Tanzania wako wengi mno.

Yatupasa kujifunza nini

Twaona mambo matatu. La kwanza ni utaratibu. Asemaye, nitasali nikipata nafasi, hatapata nafasi. Watu wa Herrnhut walitaja saa na jina la mtu. Katika nyumba zetu yafaa vivyo hivyo: sala ya asubuhi kabla ya jembe kushikwa, na ya jioni kabla ya taa kuzimwa, na kila mtu wa nyumba, hata mtoto, awe na zamu yake ya kusoma. Dakika kumi zatosha, mradi zisikosekane.

La pili ni kuichukua kazi iliyopo. Mama anayetwanga, mvuvi anayeshona nyavu zake, karani katika ofisi, mwalimu anayesahihisha madaftari usiku, wote wana saa zao. Hatuhitaji kuwaondoa katika kazi ili waabudu. Daftari la mtoto mzito wa akili likisahihishwa kwa uangalifu sawa na la mtoto hodari, mwalimu amefanya sehemu ya ibada yake, ijapokuwa hapana aliyemwona.

La tatu ni lile la St. Thomas, nalo twaliweka mwisho kwa kuwa ni zito. Moto wa madhabahu hautakasi kuni zilizoibwa. Kila mmoja wetu na aulize: katika maisha yangu, ni wapi ambapo sala haijaruhusiwa kuingia? Labda ni kibaba ninachopimia mtama, kilichobonyezwa kitako. Labda ni ujira wa kibarua, ambao nimeahidi tangu mwezi wa jana. Labda ni binti wa ndugu yangu, anayekaa kwangu kama mtoto mbele ya wageni, na kama mtumishi asiye na mshahara wageni wakiondoka. Haifai kujibu kwamba desturi ndiyo hiyo. Ndugu nao walijibu hivyo.

Basi tusingoje Jumapili. Yule kibarua atakuja kesho asubuhi. Na tumlipe kwanza, kisha tuimbe.